Mwandishi Aliyefiwa Apewe Daftari

Nimemchoka yule mwandishi wa kwenye riwaya ambaye akifiwa anajifungia chumbani, anakunywa kahawa chungu na kutazama mvua dirishani. Kwanza, hapa Dodoma mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Halafu nani atakuacha ujifungie? Hujamaliza kulia, turubai limeshafungwa, viti vinashushwa, na shangazi anauliza sufuria kubwa iko wapi.

Sisemi asiwe mhusika mkuu. Namtaka sana. Ila huruma yake niione kwenye yale anayoyaona kwa wenzake. Machozi yake mwenyewe hayanitoshi. Chukua ile ajali ya Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mteremko ikagonga ya mizigo, wakafa watu zaidi ya 200. Mwandishi aliyepoteza mtu pale angejifanyaje mfiwa peke yake? Anayemtafuta ndugu yake amesimama bega kwa bega na mwingine anayemtafuta wake. Riwaya yangu ingeanzia hapo, kwa huyo wa pembeni.

Tulipomzika mama mdogo kule Nkuhungu, mjomba alinikabidhi daftari la rambirambi. "Si wewe ndiye mwandishi?" Macho yamenivimba, lakini utamjibu nini mjomba? Ulikuwa mwezi wa saba, upepo na vumbi, nikawa nakandamiza kurasa kwa kiwiko. Jirani wa mbele, 5,000. Mama wa genge, 2,000 na unga wa uwele kilo tatu. Huyo hata hakukaa, alikuwa ameacha nyanya zake kwa mtoto.

Akaja mzee mmoja, koti lake la suti limepauka mabegani. "Mbukwenyi," akatusalimu. Akainama, akaniwekea kiganjani sarafu moja ya mia tano, yenye joto la kufumbatwa muda mrefu.

"Andika elfu mbili, mwanangu. Nyingine naleta."

Nyuma yake watu wanasubiri. Nikaandika 2,000, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mistari yote ya juu.

Jioni mhazini alihesabu mara tatu, hesabu ikakataa. Akasema kuna pungufu ya elfu moja na mia tano, tena akiniangalia.

"Labda upepo," nikamwambia, nikainama naye kutafuta chini ya viti.