Low hawakuukimbia ukimya

Watu ambao masikio yao nayaheshimu huniambia kwamba bendi ya Low ilikufa mara mbili. Mara ya pili ni Novemba 2022, Mimi Parker, mwimbaji na mpiga ngoma wake, alipofariki kwa saratani ya ovari akiwa na umri wa miaka 55. Mara ya kwanza, kwa hesabu yao, ni Septemba 2018, ilipotoka Double Negative, albamu inayosikika kama redio inayotafuta stesheni huku spika imepasuka.

Hoja yao si ya kubezwa. Kwa robo karne, mke na mume wa Duluth, Minnesota, Parker na Alan Sparhawk, pamoja na wapiga besi waliopokezana, waliwazoesha wasikilizaji kitu adimu katika roki: nafasi. Wimbo ulikwenda polepole hadi ukasikia nyuzi za gitaa zikitulia, kisha katikati ya utupu ule zikaingia sauti mbili, bega kwa bega, kama za watu waliofahamiana tangu shule ya msingi. Na kweli walifahamiana tangu shule ya msingi. Aliyezipenda albamu zile za miaka ya 1990, halafu akakuta maneno yamezama kwenye mkoromo asiweze kuyashika, ana haki ya kuuliza kulikoni. Hata ngoma za Parker karibu hazisikiki kwenye albamu ile. Hiyo ni hasara, na sina sababu ya kuipamba.

Ila wakisema bendi iliusaliti ukimya wake, hapo tunaachana.

Ukimya wa Low ulitokana na kuondoa vitu. Parker alipiga akiwa amesimama, mbele yake ngoma mbili na toazi moja, mara nyingi kwa brashi. Hakuwa na kiti wala ngoma ya mguu, na yale madoido ambayo wapiga ngoma hujazia kati ya pigo na pigo aliyaacha kabisa. Kilichobaki kilikuwa kidogo mno kiasi kwamba kila pigo lilionekana kuwa limeamuliwa. Sauti ndogo ilikuja kama matokeo tu. Walianza mwaka 1993, siku ambazo magitaa ya Marekani yalipigwa kwa nguvu zote, na kumbi za roki hazikuwa na subira nao. Watu walipopiga soga, Low walifanya kinyume cha bendi nyingine zote: walishusha sauti. Nimeitafakari sana hila hiyo. Anayeshusha sauti mbele ya umati unaobwabwaja anauacha umati ujisikie wenyewe, na wachache hupenda wanachokisikia. Wengi waliita ule upole. Mimi naona ni ukali, tena ukali wa kutosha.

Ndiyo maana kila mara narudi kwenye wimbo mmoja wa albamu ya 1996, The Curtain Hits the Cast. Una zaidi ya dakika 14, na sehemu kubwa yake ni gitaa likivuma juu ya sauti ileile bila kwenda popote. Juni 2013, kwenye tamasha la Rock the Garden huko Minneapolis, walipanda jukwaani wakapiga wimbo huo peke yake, dakika 27 nzima. Sparhawk akaaga kwa maneno matatu ya kupinga droni za kivita, akichezea neno la Kiingereza "drone", ambalo pia lina maana ya mvumo wa sauti moja isiyobadilika, wakashuka. Baadhi ya waliohudhuria walikasirika, wakaona wamepunjwa. Dakika 27! Hebu zihesabu: miaka mitano kabla ya albamu inayodaiwa kuwa usaliti, kwa wimbo uliokwisha kurekodiwa miaka 17 nyuma, katika kile kipindi kinachoitwa cha utulivu. Kelele ilikuwamo ndani ya nyumba muda wote. Anayesema iliingia mwaka 2018 hakuwa akifika hadi mwisho wa albamu.

Manung'uniko haya yalikuwapo hata mwaka 2005, Low walipohamia kampuni ya rekodi ya Sub Pop na kutoa albamu ya The Great Destroyer, yenye magitaa mazito. Miaka mitano baadaye mwimbaji Robert Plant, mtu aliyeijua kelele tangu enzi za bendi yake ya roki, Led Zeppelin, alichukua nyimbo mbili kutoka albamu hiyohiyo akaziimba taratibu, mwimbaji Patty Griffin akiwa kando yake. Zilisimama bila kuyumba. Chini ya umeme wote ule kulikuwa na sauti mbili zinazojua mahali pa kukutana.

Upande wa pili nao, wanaodai kwamba Low wakawa bendi kubwa walipomwachia prodyuza BJ Burton aikwaruze kazi yao, siwaelewi vizuri zaidi. Albamu ya Hey What ya 2021 iliteuliwa kuwania Grammy katika kipengele cha uhandisi wa sauti. Sawa, uhandisi wake ni wa ajabu. Lakini isikilize tena: mashine zinanguruma na kukatika, halafu juu yake wanaimba watu wawili, wazi, polepole, kama walivyoimba mwaka 1994 kwenye albamu yao ya kwanza. Kufikia hapo hata mpiga besi hakuwapo tena. Waliendelea kuondoa hadi wakabaki wao na mtetemo, na bila zile albamu za mwanzo nani angejua kwamba kinachozama ni kitu cha thamani?

Mwaka 2024 Sparhawk alitoa albamu yake, White Roses, My God, ambamo sauti yake imepindishwa na mashine hadi ni vigumu kumtambua. Niliisikiliza mfululizo. Kwa mazoea tu, kila kiitikio kilipokaribia niliisubiri sauti ya Parker iingie pembeni.