Gava mkononi, paswadi kwenye daftari la saiba

Mzee ameingia saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, kofia kichwani, simu yake ndogo ya vitufe, mulika mwizi, mkononi. Anataka leseni yake ya kuendesha tuktuk ifanywe upya. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." Kijana hamuulizi paswadi. Anavuta daftari la shule, anashusha kidole hadi kwenye jina la mzee, anaandika. Punde simu ya mzee inalia, ujumbe wenye namba za uthibitisho umeingia. "Nisomee hizo namba, babu." Mzee hasomi, anamkabidhi simu yenyewe.

Mwezi Juni 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma, na kuuita mpango huo Gava Mkononi, yaani serikali mkononi. Kwa mzee huyu, gava imo mkononi mwa kijana wa saiba.

Wanaoisifu hali hii wana haki yao. Anayekumbuka kuamkia foleni ofisini, faili "kupotea" mpaka itolewe chai, na ile "njoo kesho" isiyokwisha, hatamani kurudi huko. Sasa malipo yana risiti. Nayo kazi imezaliwa: kila Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi ikikaribia, saiba za Digo Road hadi Likoni hujaa watu, na kijana asiye na mtaji zaidi ya kompyuta mbili na printa analisha nyumba. Tena iTax, mfumo wa kodi mtandaoni, inazungumza Kiingereza cha wahasibu. Huyu kijana ndiye mkalimani wetu, na bei yake ni nafuu kuliko ya wakili.

Bandarini mambo ni magumu zaidi kuyapima. Tangu mfumo wa mtandaoni wa KenTrade, shirika la serikali la nyaraka za biashara, uanze kutumika, ajenti wa klaring, yaani wa kutoa mizigo forodhani, hutuma nyaraka akiwa ameketi kwenye kiti chake, na vijana waliokuwa wakikimbiza faili kutoka ofisi hadi ofisi hawana tena cha kukimbiza. Lakini tusiitwishe kompyuta lawama zote. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana kwa sababu ya amri ya kupakia makontena kwenye SGR, reli mpya, na kwenda kuyatolea forodhani huko bara. Kazi nyingi za klaring na malori ziliyumba kwa uamuzi wa watu, si wa programu.

Narudi kwenye daftari, maana hapo ndipo naona hatari ambayo wasifiaji huiruka. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, na daftari lile liko wazi mezani, karibu na kikombe cha chai. Mara nyingine kijana hufungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa sababu mteja hana. Hana nia mbaya, anaharakisha foleni tu. Siku akihamia Mtwapa, mteja anabaki nje ya akaunti yenye jina lake, mlango umefungwa na ufunguo umeondoka na mtu mwingine. Karani wa zamani alikuwa msumbufu, ila hakuweza kuondoka na ofisi.

Wengine husema wazee wajifunze tu. Sikubaliani nao sana. Mzee huyohuyo hutuma na kupokea pesa kwa M-Pesa bila kumwita mtu; amefanya hivyo miaka na miaka, tangu huduma ilipokuwa changa. M-Pesa ilikuja na menyu fupi na ajenti wa jirani aliyekuwa na sababu ya kumwelekeza, na Kiswahili unaweza kukichagua. Kujifunza anaweza. Fomu ya kurasa tano yenye maneno asiyoyatumia nyumbani ndiyo inayomshinda, na anayeweza kuipunguza ni aliyeitunga. Ni kinaya kidogo: nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009, na bado mzee anamtegemea kijana wa saiba.

Leseni ilipokubaliwa, mzee hakuinuka. "Hiyo paswadi, nionyeshe nami niiweke mwenyewe." Kijana akacheka: "Babu, nikikufundisha nitakula nini?" Foleni nyuma ikaguna. Hata hivyo akamgeuzia kibodi, na mzee akaanza kuitafuta herufi ya kwanza ya jina la mkewe, kidole kimoja hewani.