Hakuna oili ya giaboksi ya Premio

"Nipe lita nne za oili ya giaboksi ya Premio." Agizo la namna hiyo husikika kila siku kwenye maduka ya spea ya Kisekka, Kampala, na giaboksi nyingi hufa kabla ya wakati wake kwa sababu yake. Oili huchaguliwa kwa giaboksi iliyomo ndani ya gari. Jina lililobandikwa kwenye buti halikuambii giaboksi ni ipi.

Premio za 2001 hadi 2007 zenye injini ya 1.5 au 1.8 zina giaboksi ya otomatiki ya gia nne, na oili yake ni Toyota T-IV. Premio za umbo lililofuata, kuanzia 2007, kwa kawaida ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Hata katika zile za zamani, zenye injini ya D-4 ya 2.0 ni CVT. Wish ina mkanganyiko uleule: ya kwanza ya 1.8 ina gia nne, iliyotoka 2009 ni CVT. Nissan X-Trail ya umbo la T30 ina gia nne, lakini ya T31 ya petroli yenye CVT inataka oili ya Nissan NS-2. Subaru Forester za umbo la SG na SH ni otomatiki ya kawaida, ila SJ za otomatiki ni CVT. Karibu magari haya yote yametumika Japani kabla ya kufika Uganda, na kitabu chake, kikiwepo, ni cha Kijapani. Basi fundi anakisia.

Hakuna haja ya kukisia. Fungua boneti ya Toyota utafute kibati cha chuma chenye namba ya chesesi. Kwenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, tafuta alama ya giaboksi. Ukiona U341E, hiyo ni otomatiki ya gia nne. Ukiona herufi K mbele, kama K311, hiyo ni CVT. Kisha vuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ukifute na ukisome, kwa kuwa Toyota nyingi zimeandikwa T-IV au CVT papo hapo kwenye chuma. Kama giaboksi haina kijiti kabisa, huenda ni ile iliyofungwa inayotumia WS, oili nyingine ya Toyota, na hiyo si ya kufunguliwa chini ya mwembe.

Tofauti hizi si ujanja wa biashara. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishikane na chuma bila kulana. Oili ya otomatiki ya kawaida ina kemikali za kulainisha mshikano wa klachi. Ukiimimina kwenye CVT, mkanda unateleza na kuchimba mistari kwenye puli. Dalili zake ni mlio mwembamba unaopanda na mwendo, kisha gari kutetemeka unapoondoka. Mistari ikishachimbika, hata uweke oili sahihi haifutiki.

T-IV na WS nazo hazichanganywi. WS ni nyepesi zaidi, na Toyota yenyewe haikubali moja ichukue nafasi ya nyingine. Oili ya kawaida ya Dexron III ya bei nafuu kwenye giaboksi ya T-IV huenda ikaenda vizuri mwanzoni, halafu ukifika 60 au 70 kwa saa kwenye barabara ya Masaka gari linaanza kutetemeka kana kwamba unapita juu ya vituta vidogo. Hapo klachi ya ndani ya konveta, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili, inashindwa kushika. Rangi nyekundu ya oili haithibitishi lolote, maana ni rangi tu iliyotiwa. Oili ya "magari mengi" naikubali pale tu chupa inapotaja T-IV au NS-2 kwa jina na mtengenezaji anajulikana. Inayodai kufaa otomatiki zote na CVT zote kwa pamoja, iache dukani. Na ile inayopimwa kutoka kwenye pipa usiiguse, hata muuzaji akiwa rafiki yako.

Kuhusu muda wa kubadilisha, wapo wanaosema oili ya giaboksi ni ya maisha. Kwa Kampala sikubaliani nao. Konveta huzalisha joto kali gari linapojikokota kwenye jamu ya Jinja Road au likipanda milima ya Kabale na Kapchorwa na mzigo, na joto ndilo linalochosha oili. Ushauri wangu ni kilomita 40,000 kwa CVT na 50,000 kwa otomatiki ya kawaida. Kwenye mlima mrefu weka lever kwenye 2 au L, ili giaboksi isiwe inapanda na kushuka gia kila dakika.

Kupima kiwango kuna utaratibu wake. Toyota yenye kijiti huendeshwa hadi giaboksi ipate joto, kisha husimamishwa mahali tambarare injini ikiwa inawaka. Pitisha lever kila nafasi taratibu, rudi P, halafu vuta kijiti na usome alama za HOT. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndani ya dakika moja hivi baada ya kuizima. Usizidishe. Oili ikizidi, gia zinaipiga hadi inatoa povu, presha inashuka, na klachi zinaanza kuteleza kana kwamba oili ni pungufu.

Siku ya kumwaga, hakikisha kwanza nati ya kujazia inafunguka, ndipo ufungue ya kumwagia. Pima kilichotoka kwenye chombo chenye alama za lita, urudishe kiasi kilekile. U341E humwaga takriban lita 3 kati ya karibu 7, kwa sababu nyingine hubaki ndani ya konveta. Kwa hiyo kumwaga mara moja hakubadilishi hata nusu. Ukirudia mara tatu, ukiendesha kilomita mia chache katikati, unafika kama asilimia 80 ya oili mpya. Njia hiyo naiamini kuliko mashine ya kusukuma kwa presha, inayoweza kung'oa uchafu wa miaka na kuupeleka kwenye valvu. Ukifungua karai la chini, angalia sumaku: unga mweusi laini ni kawaida, lakini vipande vya chuma ni habari mbaya.

Subaru ina mtego wake. Kwenye zile za gia nne, difu ya mbele ina oili yake peke yake, 75W-90, na kijiti chake. Chini ya gari nati zimekaribiana, na fundi mwenye haraka humwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha akaijaza injini maradufu. Simama karibu uone kinachotoka.

Oili ikiwa ya rangi ya maziwa yenye wekundu, maji yameingia, ama kutoka kwenye redieta iliyotoboka ndani, ama kwenye mafuriko ya Bwaise kupitia tundu la kupumulia. Usiliendeshe gari hilo hata hadi gereji. Lisivutwe kwa kamba magurudumu ya kuendesha yakiwa chini, kwa kuwa pampu ya giaboksi huzungushwa na injini.

Na kama oili inanuka kuungua na gia tayari zinateleza, kubadilisha oili ni kupoteza pesa. Klachi zimekwisha, na ndiyo maana watu husema oili mpya iliua giaboksi yao. Ukienda kununua giaboksi iliyotumika, linganisha alama zake na zile za kwenye kibati kabla hujalipa. Kisha safisha mabomba na kipoza oili kilichomo kwenye redieta, maana vumbi la chuma la giaboksi iliyokufa bado limo humo.