Paka akiugua sana: wiki moja mapema au siku moja kuchelewa?

Kuna kauli madaktari wa mifugo wanaipenda sana, kwamba kumpumzisha mnyama mgonjwa, yaani kumdunga sindano afe bila maumivu, wiki moja mapema ni afadhali kuliko kumchelewesha siku moja. Mimi niliisikia mara ya kwanza nikiwa nimembeba Kijivu kwenye taulo, paka wa miaka 14, figo zimechoka, na kiukweli iliniudhi, niliona kama nafukuzwa. Saa hizi nimetulia naona ina ukweli lakini ina na mtego wake. Manake watu wanabishana kila siku kuhusu hili jambo, huyu anasema ukimdunga ile sindano umeua, yule anasema usipomdunga unatesa, na wote wawili wanaongea utadhani ugonjwa ni mmoja tu duniani.

Sio mmoja. Na mi naona ubishi mwingi ungekwisha kama watu wangeuliza kwanza huyu paka anaumwa nini.

Chukua FIP, ule ugonjwa unaotokana na kirusi cha korona cha paka (sio kile cha binadamu) kikishabadilika ndani ya mwili wake. Miaka mingi paka akikutwa nao alikuwa anahesabiwa marehemu, daktari mwenye huruma ndo alikuwa yule anayekwambia usimsumbue, mpumzishe. Afu mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis wakatoa matokeo ya dawa inayoitwa GS-441524, walianza na paka 31, wengine hoi kabisa, wakawadunga kila siku kwa wiki 12, na 25 kati yao wakaendelea kuishi. Yaani ugonjwa uliokuwa hauna mjadala ukawa na mjadala. Kwa hiyo aliyempumzisha paka wake mwaka 2015 kwa FIP hakukosea kitu, lakini leo mtu akimpumzisha wa kwake bila hata kuuliza kama hiyo dawa inapatikana, hapo kuna swali. Kwangu hii ndo hoja nzito kuliko zote za wale wanaosema usikate tamaa haraka, na wala haihitaji machozi.

Upande wa pili nao una ugonjwa wake. Paka mwenye tatizo la moyo anaweza kuamka vizuri tu, mchana donge la damu likachomoka moyoni likaenda kukwama pale mshipa mkubwa unapogawanyika kwenda miguu ya nyuma. Unasikia kilio ambacho hujawahi kukisikia kwake, miguu imelegea anaiburuta, ukigusa nyayo ni za baridi. Wapo wanaovuka, siwezi kusema hamna, ila wengi hawavuki na maumivu yake ni makali mno. Hapo mtu akinieleza habari za kusubiri tuone kesho nitamsikiliza kwa adabu tu.

Sasa kati ya hizo ncha mbili ndo wengi wetu tulipo, na ndo pagumu. Figo za paka zinakufa kimyakimya, mpaka kile kipimo cha kawaida cha damu kije kupanda zinakuwa zimeshapoteza kama robo tatu ya uwezo wake, we unaona tu anakunywa maji sana na kukojoa sana unasema labda joto. Madaktari wanaugawa huo ugonjwa hatua nne, na wa hatua ya pili anaweza kuishi miaka, narudia miaka, kwa chakula chenye fosforasi ndogo, dawa ya kichefuchefu, baadaye na maji ya dripu chini ya ngozi ambayo unafundishwa unampa mwenyewe nyumbani. Mara ya kwanza nilitetemeka sindano ikatokea upande wa pili wa ngozi nikamlowesha yeye, mimi na kochi. Baada ya wiki nikawa fundi. Kwa hiyo kusikia neno figo sio hukumu, ila hatua ya nne ni habari nyingine, na kutoka ya pili kwenda ya nne hamna kengele inayolia.

Kuna hoja moja inatumiwa na pande zote na mi naipenda kwa sababu inakata kote kote. Wanasema paka hana kesho. Hana mipango, haogopi kufa, hajui kwamba Desemba ipo. Wa upande wa sindano wanasema basi ukimpumzisha hujampokonya chochote anachokijua, na akiumwa hawezi kujifariji kwamba maumivu yataisha, maumivu ya sasa ndo dunia yake nzima. Sawa kabisa. Lakini igeuze: kama ya sasa ndo dunia nzima, basi dakika ishirini za jua pale dirishani nazo ni dunia nzima, na hakuna aliyekupa mamlaka ya kusema hazitoshi kwa kuwa jioni atatapika. Nimezungusha hii hoja kichwani mara nyingi na sijawahi kuimaliza, ila imenifundisha kuacha kuhesabu miezi, nianze kuhesabu hizo dakika za jua.

Na kuhesabu ndo kwenyewe kazi, maana paka ni mficha maumivu. Anakoroma ukimpapasa unasema ana raha, kumbe paka anakoroma hata akiwa anaumwa. Watu wa Chuo Kikuu cha Montreal walitoa mwaka 2019 njia ya kusoma maumivu usoni kwake, unaangalia masikio yamekaaje, macho yamefumba kiasi gani, pua na mdomo vimekaza au vimelegea, sharubu, na kichwa kama kimeshuka chini ya mabega. Inasaidia sana. Ipo na ya daktari mmoja wa Marekani, Alice Villalobos, unampa mnyama alama kuanzia 0 mpaka 10 kwa mambo saba, maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya, ukijumlisha ikizidi 35 inahesabika bado ana maisha ya kuvumilika.

Mi nilimjazia Kijivu jioni moja akapata 41. Mdogo wangu, jioni ileile, paka yuleyule, kampa 26.

Hapo ndo utajua tatizo la hizi alama haliko kwenye hesabu. Mimi nilikuwa najaza matumaini, yeye pengine alikuwa anajaza uchovu, maana ndo alikuwa anafua mataulo. Na uchovu jamani tuuseme, watu wanauonea aibu. Kumhudumia mnyama mgonjwa miezi kadhaa kunakula usingizi, kunakula hela, kunaleta ugomvi nyumbani, na mtu akisema sina tena uwezo anaonekana hana upendo. Sikubali. Uwezo wako ukiisha na huduma yake imeisha, atakayelala na kiu ni yeye. Ila ni vizuri ukijua moyoni kwamba ni uwezo ulioisha, usije ukamsingizia paka kwamba yeye ndo alikuwa amechoka.

Jambo lingine ambalo watetezi wa kupambana mpaka mwisho hawalisemi ni kwamba matibabu yenyewe yanageuza uhusiano. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, dripu, chakula kwa bomba la sindano mdomoni. Na kumlisha sio ukatili wa bure, paka asipokula siku chache mafuta yanakimbilia kwenye ini na ini linaanza kufa, kwa hiyo unalazimika. Lakini ilifika mahali Kijivu akisikia droo ya dawa inafunguliwa anaenda kujibana nyuma ya kabati. Miaka 14 tulilala kitanda kimoja, leo mimi ndo anayenikimbia. Hilo halina kisanduku kwenye zile alama saba.

Afu kuna watu wa katikati, mimi simuui na simtesi, namwacha aende mwenyewe. Nawaelewa, na kuna paka kweli wanazimika usiku kimya. Ila kwa figo zilizokwisha mara nyingi haiwi hivo, sumu inapanda kwenye damu, vidonda mdomoni, kichefuchefu, wengine degedege, siku tatu nne hivi. Kumwacha aende mwenyewe kunakubalika kwangu kama kuna daktari na dawa ya maumivu iliyoandikwa kwa ajili yake, bila hivo hujamwacha aende, umemwacha tu. Na tafadhali sana usimpe panado yako, paracetamol inamuua paka, na inamuua vibaya.

Sindano yenyewe watu wanaiogopa kwa kutoijua. Kwa kawaida anapewa kwanza ya kumtuliza, analegea, halafu dawa ya usingizi ya pentobarbital kwa kipimo kikubwa kupita kiasi, anapoteza fahamu, na ndani ya dakika chache moyo unasimama. Macho yanabaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja kubwa baada ya kuwa ameshaondoka, au mkojo ukatoka, na kama hukuambiwa utatoka pale unaamini aliteseka. Muulize daktari akueleze kabla.

Sasa nirudi kwenye ile kauli ya wiki moja mapema. Naikubali kwa magonjwa yanayoua kwa maumivu, naikataa kwa magonjwa ambayo hata hujamaliza kuyapima, na mtego wake ni kwamba inakufanya uamini ipo siku moja sahihi na wewe unaikosa tu. Kilichonisaidia mimi ni karatasi. Mapema, Kijivu akiwa bado na nafuu, niliandika mambo matatu nikabandika kwenye friji: akiacha kujilamba, akiacha kupanda dirishani, akikataa kula siku mbili hata kwa dawa ya hamu. Sababu ni kwamba ukisubiri siku yenyewe ifike ndo upange mpaka, mpaka unausogeza. Na hata hivo niliusogeza. La tatu lilitimia Jumanne, tulienda kwa daktari Jumamosi.

Siku nne. Nikiulizwa zilikuwa za nani najua jibu, na halinipendezi. Isipokuwa Jumatano ile, alitoka nyuma ya kabati mwenyewe bila kuitwa, akaja akajikunja juu ya ndala zangu miguu yangu ikiwa ndani, akakaa hapo kama saa nzima, na sikuthubutu kusogea.