Mchina wa kona amefunga, na hakuna aliyeweka matanga

Mgahawa wa Wachina wa mtaani kwetu hapa St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, ulibandika karatasi mlangoni: tumefunga wiki mbili, likizo ya familia, tutafungua Jumanne saa tano asubuhi, asanteni. Imeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino mzito, na maneno ya mwisho yamebanana kwa sababu nafasi iliisha. Basi. Watu wakawa wanafika, wanasoma, wananung'unika na njaa yao, wanageuza gari. Jumanne yenyewe nikapita makusudi kabla ya kuingia zamu. Saa tano kamili mlango ukafunguliwa, mama yuleyule kwenye kaunta, mafuta yaleyale yananukia, na mzee mmoja Mmarekani mweusi aliyekuwa mbele yangu akaagiza sandwichi yake bila hata kuitazama menyu.

Aliyekulia Dar ataelewa kwa nini jambo dogo kama hilo limenikosesha raha siku nzima. Kwetu mgahawa ukibandika "Tumefunga kwa ukarabati" tunaweka matanga. Wiki ya kwanza unapita unachungulia. Wiki ya pili fremu imepakwa rangi ya kampuni ya simu. Ya tatu kuna kijana anauza kava na kutoa pesa, na ukimuuliza mzee wa supu kaenda wapi anakwambia "alihama". Kahamia wapi? Hajui. Wewe umekunywa supu ya yule mzee tangu ukiwa sekondari, unajua hata mtoto wake wa tatu anaitwa nani, lakini kaburi la biashara yake huoneshwi.

Sasa kabla hamjanirukia. Najua mbeba boksi akianza sentensi na "huku kwetu Marekani" watu wanavuta kiti waanze kumchamba. Mimi sizungumzii usafi, wala huduma, wala umeme. Kuhusu chakula ndiyo kabisa, maana mama ntilie yeyote wa Buguruni mwenye masufuria matatu na mkaa unyevu anawapikia mafundi arobaini na kuwazidi hawa kwa ladha, tena anawaandika kwenye daftari mpaka Jumamosi. Huku ukikosa dola moja unarudishwa na njaa yako. Nazungumzia kitu kimoja tu, kukaa. Kwa nini kile chao kinakaa na chetu hakikai?

Na mgahawa wenyewe msije mkaupamba vichwani. Meza sita za fomaika. Picha za vyakula juu ya kaunta zimepigwa na taa miaka hadi nyama zimegeuka bluu. Bei zimebandikwa stika juu ya stika, na ukikwangua kwa ukucha (nimekwangua) unaweza kusoma mfumuko wa bei wa Marekani kurudi nyuma mpaka enzi za Rais Reagan, miaka ya themanini. Mikahawa ya Wachina ya upande wa kaskazini mwa mji, pale hali ilipo ngumu, mingi inauzia nyuma ya kioo cha kuzuia risasi, unasukuma hela kwenye kidirisha na chakula kinatoka kwenye kidirisha kingine. Hakuna cha kuonea wivu hapo kwa macho.

Chakula chao maarufu ni sandwichi ya St. Paul. Watu wa St. Paul yenyewe, kule Minnesota, hawaijui. Ni ya hapa St. Louis. Wanachukua mayai, wanachanganya na kitunguu na machipukizi ya maharagwe, wanadumbukiza kwenye mafuta mengi mpaka yanakuwa andazi la kahawia, kisha wanalibana kati ya slesi mbili za mkate mweupe na mayonezi, nyanya, jani la saladi na achari ya tango. Inafungwa kwenye karatasi ya nta. Mara ya kwanza niliposhika ile karatasi, mafuta yanapenya vidoleni, nikasema hawa ni ndugu zetu wa chipsi mayai. Mtu alikuwa na mayai, na mafuta, na wateja wasio na hela nyingi, akabuni. Tofauti ni kwamba wao wamepika hicho kitu kimoja mpaka kikawa alama ya mji. Na aliyebuni chipsi mayai ni nani, kibanda chake kilikuwa wapi?

Nikilisema hili kwa washkaji wa nyumbani jibu linakuja haraka: "Wenzako wana serikali inayowalinda. Sisi tukijenga tunabomolewa." Waliobomolewa nyumba Kimara mwaka 2017 na machinga walioondolewa barabarani 2021 hawahitaji mtu wa Missouri awasimulie, na sitawasimulia. Ila kuhusu hawa Wachina, hoja hiyo haisimami.

Mchina wa kwanza kujulikana kuishi St. Louis aliitwa Alla Lee, alifika 1857, akauza chai na kahawa. Wenzake wakaja, wakajazana mtaa mmoja ulioitwa Hop Alley, katikati ya mji, wakafua nguo za watu, wakapika. Mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina, na ikakaa mpaka 1943. Hata ilipofutwa waliruhusiwa watu 105 tu kwa mwaka. Halafu miaka ya sitini jiji likataka uwanja wa besiboli. Hop Alley ikasawazishwa, uwanja ukafunguliwa 1966. Na huo uwanja nao ukabomolewa 2005 wakajenga mwingine. Sasa niambieni nani kati yetu na wao kabomolewa zaidi. Wakatawanyika mitaani, vijimgahawa vikaota kwenye kona za watu weusi na watu maskini, kona ambazo wenye hela walikuwa wanazikimbia.

Kinachonisisimua zaidi ni walivyoikwepa ile sheria. Iliwazuia vibarua, lakini mfanyabiashara aliruhusiwa kusafiri kwenda China na kurudi, na kuleta familia. Mwaka 1915 mahakama ikakubali kwamba mwenye mgahawa naye ni mfanyabiashara. Masharti yakawa makali: uwe na hisa kubwa, uusimamie mgahawa mwenyewe muda wote kwa angalau mwaka mzima, usionekane unaosha vyombo wala kuhudumia meza. Basi ndugu na watu wa kijiji kimoja wakachanga, wakafungua mgahawa mmoja mkubwa, wakawa wanapokezana umeneja. Huyu mwaka huu, yule mwaka kesho, kila mmoja apate karatasi zake. Fikirieni hilo kwa utulivu. Watu kadhaa, mgahawa mmoja, kila mwaka bosi ni mwingine, na droo ya hela ni ileile.

Kwetu ubia wa watu wawili waliosoma darasa moja haumalizi Ramadhani.

Mtaji walichangishana kwa mchezo. Ndiyo, upatu, uleule wa mama zetu, kila mwezi mmoja anabeba. Kwa hiyo msiseme tulikosa chombo. Upatu tunaucheza kuliko wao, na tuna VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, juu yake, na wanawake wa Mbagala wanatunza hesabu kichwani bila kukosea shilingi. Hela inapatikana. Tena fremu zinafunguliwa kila siku, kwa maturubai na muziki na keki. Mimi ninachouliza ni nini kinatokea mwaka wa nne.

Nina maoni yangu. Sisi biashara ndogo tunaichukulia kama kituo cha daladala. Umesimama hapo kwa muda tu, jicho liko barabarani, gari likija unaondoka. Muuza supu anauza ili anunue bodaboda, mwenye bodaboda anaendesha ili anunue kiwanja, mwenye kiwanja anataka udiwani. Hakuna anayesema "mimi ni muuza supu, na hii ndiyo kazi yangu mpaka nife". Akisema hivyo ndugu zake watamwombea. Na akifanikiwa kidogo ndiyo hatari zaidi: anaongeza bia, anaongeza nyama choma, anaweka spika, anaacha kuamka saa kumi alfajiri, na supu sasa inapikwa na shemeji.

Halafu mirathi. Magomeni kulikuwa na mgahawa ambao nadhani nusu ya wanaonisoma waliwahi kula, sitautaja. Mzee alipofariki, arobaini haijaisha majiko yameshagawanywa. Mmoja kachukua friza, mwingine masufuria, mwingine jina. Yule wa masufuria naye akapaka jina lilelile kwenye fremu ya ng'ambo ya barabara, akaongeza "Original". Mikahawa miwili yenye jina moja, inatazamana, yote mitupu. Serikali iliingiaje hapo? Watu wa kodi wa TRA walihusikaje?

"Mbona hapo Dar, Kisutu na Upanga, kuna mikahawa ya tangu enzi za babu?" Ipo, na nilikuwa naisubiri hoja hii. "Hao ni Wahindi, walikuwa na mitaji." Sawa, na mwaka 1971 majumba yao yakataifishwa, baadhi yao wakageuka wapangaji wa serikali, chini ya Msajili wa Majumba, kwenye nyumba walizojenga wenyewe, na bado asubuhi mafuta yakachemka. Mnaona tunavyozunguka? Kila mfano ukiletwa tunautafutia sababu ya kutotuhusu.

Wengine wataniita wakili wa Mchina, hasa sasa. Julai 2025 serikali yetu ilipiga marufuku wageni kufanya biashara 15, kuanzia rejareja na uwakala wa pesa hadi kutengeneza simu na saluni, na mimi nilishangilia nikiwa huku huku. Ndiyo, nilishangilia, na ninajua utani uliopo hapo: mgeni kwa watu, ninakula kwa wageni waliowahi kufungiwa mlango, nashangilia wageni wa kwetu kufungiwa duka. Sheria ya 1882 iliwalenga watu wa taifa moja na hii yetu inamtazama yeyote asiye raia, sizifananishi. Mtu kutoka mbali kuja kuuza vijiko Kariakoo sikulipenda na silipendi. Lakini kupewa uwanja peke yako ni jambo moja na kucheza dakika tisini ni jingine, na fremu tulizoachiwa tukizihama kila miezi kumi na minane tutamlaumu nani safari hii?

Sasa niseme na upande wa pili, maana mtu wa huku akisoma atanicheka. Ule mgahawa hautarithiwa. Binti wa yule mama alikuwa anafanya kazi za shule kwenye meza ya pembeni, karibu na sanduku la vipakiti vya sosi ya soya, na wateja wa zamani bado wanamuulizia. Sasa ni mfamasia. Kaka yake anashughulika na kompyuta jimbo jingine. Hakuna anayetaka karai. Ndivyo ilivyo kwa Wachina wengi wa Marekani, mzazi anakaanga ili mtoto asikaange. Mama mwenyewe aliniambia huku anahesabu chenji, "miaka miwili zaidi", kwa sauti ya mtu anayesubiri pensheni.

"Aha! Kumbe na wao wanafunga!" Wanafunga, ndiyo. Wanafunga baada ya kusomesha watoto wawili chuo kikuu kwa wali wa kukaanga. Wanafunga kwa tarehe, kwa karatasi mlangoni, na jina, karai na namba ya simu vinauzwa kwa familia nyingine iliyoshuka karibuni kwenye ndege, inayokuja kupika menyu ileile ili yule mzee wa sandwichi asihangaike. Ukiniwekea hilo mezani pamoja na friza iliyonyakuliwa matangani, usiniambie yote ni kufunga.

Mama yule hapendi ile kazi, simdanganyi mtu. Nilimuona siku moja ameegemea friza ya soda, ameshika kiuno, macho amefumba, simu inaita. Akaipokea. Anaichoka kazi na anaifanya, na hajawahi kuongeza spika.

Swali la mwisho nalijua, mnalo mdomoni tangu aya ya pili: "Wewe mwenye akili, mbona hurudi ukafungua?" Nimepiga hesabu. Fremu Sinza, mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Supu, chapati, maharage ya nazi, basi, hakuna bia. Kufungua saa kumi na mbili, kufunga saa nane mchana. Nikampigia kaka yangu nimweleze, akasikiliza vizuri, akasifia, akasema eneo ni zuri. Jiko halijanunuliwa, mkaa haujawashwa, akaniuliza: kwenye leseni jina litakuwa la nani?