Fundi Aliyetoka Maweni Atapata Wapi Kikundi?

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya mtaa hapa Tanga, nilimsikia mtumishi akimwambia kijana aliyefuata barua ya utambulisho kwamba mikopo ya halmashauri ni ya raia wema. Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Kijana alikunja karatasi zake na kuondoka, kwa kuwa kila mtu pale alijua kwamba ametoka Gereza la Maweni.

Fedha zinazozungumzwa ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatakiwa kuitenga: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa mbwembwe nyingi. Makundi yaliyotajwa ni hayo matatu. Wema, ambao sijui unapimwa kwa mizani gani pale mtaani, haumo.

Hata hivyo, mtumishi yule mwenye ulimi mkali si tatizo kubwa. Tatizo ni kikundi. Vijana hawakopeshwi mmoja mmoja. Wanatakiwa kuungana, wafungue akaunti, waandike katiba, kisha wabebe deni kwa pamoja, hivi kwamba mmoja akitoroka, waliobaki ndio wanaolipa. Sasa niambieni ni nani kule Makorora au Mabawa atakayeliweka jina lake karibu na la mtu ambaye mama mwenye nyumba bado anafunga mlango kwa kufuli mbili akimwona anapita. Labda tunatarajia aunde kikundi na wale aliolala nao selo moja, nasi tutakuwa wa kwanza kuuliza wanapanga nini.

Kijana yule wa ofisini ana kazi mikononi. Nimeuona mlango wa mninga alioutengeneza kwa randa ya kuazima: mbao zimeunganishwa kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja, na ukipitisha kidole kwenye maungio huhisi mahali yalipokutana. Useremala huo amejifunzia gerezani, kwa gharama ya kodi zetu. Tumemsomesha fundi kwa miaka, halafu siku ya kutoka tunamfungulia geti akiwa hana patasi wala cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na chuo chake kipo hapa hapa Tanga. Kuna ugumu gani Jiji kulipia watahini waingie Maweni, wampime mtu miezi michache kabla ya kifungo chake kuisha?

Mwanamume aliyevuka umri wa ujana huko ndani, na asiye na ulemavu, hana fungu lolote katika asilimia hizo. Huyo hata kukataliwa hapati nafasi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wanaotoka na kurudia yale yale, na kwamba aliyeibiwa pikipiki yake ya mkopo ana haki ya kuuliza kwa nini mwizi asaidiwe kabla yake. Lakini vikundi vingapi vya raia wema vimekula fedha za halmashauri nchi hii, mpaka Serikali ikalazimika kusimamisha mikopo yenyewe? Hao hatukuwahi kuwadai cheti cha tabia.

Madiwani wa Jiji la Tanga watakapokaa kwenye bajeti, watenge kifungu chao wenyewe kwa ajili ya mafundi wanaotoka Maweni, kutoka kwenye mapato ya ndani, nje ya ile asilimia 10: ada ya mtihani, seti ya vifaa vya kazi kwa anayefaulu, na zabuni chache za madawati ya shule za msingi za Jiji kwa karakana zitakazokubali kumwajiri. Fedha taslimu asipewe mtu. Apewe randa, patasi na msumeno, na afisa maendeleo ya jamii wa kata apite kumtembelea kila mwezi, kama anavyotakiwa kuvifuatilia vikundi vilivyokopeshwa.