Teksi si sababu ya kumpakata mtoto

Ndugu na jamaa wanaokuja Uingereza na watoto wadogo huniuliza swali moja kabla hata hawajakata tiketi: nikitua Heathrow na kuchukua teksi, nitalazimika kuwa na kiti cha mtoto? Jibu la sheria ni hapana. Jibu langu ni kwamba njoo nacho, na nitaeleza kwa nini, maana naona jibu la sheria linawalaza watu usingizi.

Kwa gari binafsi, sheria ya hapa ni kali na inaeleweka. Mtoto atakaa kwenye kiti chake mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, kitakachotangulia. Kama kiti ni cha aina ya i-Size, kile kinachopimwa kwa urefu wa mtoto, lazima atazame nyuma ya gari mpaka apite miezi 15. Ukikiuka, faini inaweza kufika pauni 500. Sasa ondoka kwenye gari lako uingie teksi. Dereva asipokuwa na kiti kinachomfaa mtoto wako, mtoto anaruhusiwa kusafiri bila kiti, mradi akae nyuma. Wa miaka 3 na kuendelea atafunga mkanda wa watu wazima. Wa chini ya miaka 3 hafungi chochote.

Hapo kwenye hafungi chochote ndipo ninapogomea. Mwenye miaka 7, ambaye mifupa yake imeshakomaa kiasi, ana mkanda. Mwenye miezi 7 hana hata uzi. Najua sababu: mkanda wa mtu mzima ukimpita mtoto mchanga utamkaba shingo au kumbana tumbo, kwa hiyo waliotunga sheria wakaona heri asifungwe kabisa kuliko afungwe vibaya. Mpaka hapo nakubaliana nao. Lakini kama mkanda haumfai, kinachomfaa kipo na kinajulikana, na ndicho hicho ambacho teksi imesamehewa kuwa nacho.

Tuseme mambo yalivyo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa wa mjini, likigonga kitu na kusimama ghafla, kila kilichomo ndani kinaendelea kwenda kwa mwendo ule ule. Ni kasi ya mtu aliyedondoka kutoka ghorofa ya tatu. Mtoto wa kilo 10, katika ule muda mfupi wa kishindo, anavuta mikono ya mama yake kana kwamba ana kilo 200 au 300. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata awe mbeba mizigo wa Kariakoo. Na wale wanaojifunga mkanda mmoja na mtoto wakiwa wamempakata, wanamweka mahali pabaya zaidi, kwa sababu uzito wote wa mama unamgandamiza mtoto kwenye mkanda.

Mtoto mchanga naye ana maumbile yake. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo bado ni laini. Kiti kinachotazama nyuma kinamfanya apokee kishindo kwa mgongo mzima badala ya shingo peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema matumizi ya viti hivi yanaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71. Sioni mahali popote ambapo namba hiyo inabadilika kwa sababu gari limeandikwa teksi.

Msamaha huu ulianza kutumika hapa Septemba 2006, sheria mpya ya viti ilipoanza. Wakati ule ulikuwa na mantiki. Mtu alisimama kando ya barabara, akanyoosha mkono, teksi ikasimama. Dereva hakujua kama anapakia mzee, wanafunzi wanne au mama mwenye pacha. Kumtaka awe na viti vya kila umri ndani ya buti kungemfanya asipate pa kuweka masanduku ya abiria. Na mama mwenye mtoto anayewaka homa saa nane za usiku asingeachwa barabarani eti kwa kukosa kiti. Huyo hata leo sitaki aachwe.

Lakini 2006 ilikuwa miaka sita kabla ya Uber kuingia London. Siku hizi gari linaitwa kwa simu. Kampuni inajua umesimama wapi, unakwenda wapi, utalipa kiasi gani na unataka gari la watu wangapi. Safari ya uwanja wa ndege watu wanaiagiza tangu jana yake. Kampuni inayoweza kukuuliza kama una mbwa inaweza kukuuliza kama una mtoto. New York nako teksi zimesamehewa, na sheria inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 7 apakatwe, lakini Uber ikaanzisha huko magari yenye kiti cha mtoto kwa nyongeza ya dola 10. Kwa hiyo hili si jambo lisilowezekana, ila halijalazimishwa. Maoni yangu ni kwamba teksi ya kusimamisha barabarani ibaki na msamaha wake, na gari linaloagizwa mapema liondolewe.

Sasa nije nyumbani, maana najua wengi mnaosoma mko Dar es Salaam na mmeshaanza kusema haya ni mambo ya Ulaya.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, na ilivyotungwa haikuwa na neno juu ya kiti cha mtoto. Watetezi wa usalama barabarani wamelipigia kelele pengo hilo kwa miaka mingi. Lakini ukipanda teksi mtandao pale Sinza au Mbagala, unakutana na tatizo lililo karibu zaidi kuliko sheria. Unaingia kwenye Toyota IST safi, kiti cha nyuma kimevalishwa kava jipya la ngozi bandia. Unauvuta mkanda, unakuja vizuri. Unatafuta pa kuuchomeka, hupaoni. Unapapasa, unaingiza vidole kwenye upenyo kati ya kiti na mgongo wake, na unakigusa kifungio kikiwa kimelala chini ya kava, hakitoki. Fundi alipovalisha kava hakukitobolea tundu, na dereva hakudai, kwa sababu askari wa barabarani humwangalia dereva na aliyekaa mbele. Gari hilo lilitoka Japani na mikanda yake yote mizima, nchi ambayo tangu mwaka 2000 inalazimisha kiti kwa mtoto wa chini ya miaka 6 kwenye gari binafsi. Limefika kwetu, tukaizika mikanda.

Bila kifungio, hata ukiwa na kiti cha mtoto cha bei mbaya, huna pa kukifunga. Ndiyo maana nawaambia ndugu zangu wa Dar: kabla ya kumtuma dereva aje, mpigie. Mwambie una mtoto na unahitaji mikanda ya nyuma inayofunga. Akisema hana, katisha safari uite mwingine. Akifika na kuanza kukuambia, "Mama, mpakate tu, si mbali," mjibu kwa upole kwamba utamlipia dakika za kusubiri ufunge kiti. Wengi wao ni baba za watu. Ukishawatolea wasiwasi wa muda wanasaidia wenyewe kusukuma goti kwenye kiti ili mkanda ukaze.

Kwa matumizi ya teksi, nunua kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari, si kile kinachotegemea vyuma vya ISOFIX peke yake, yaani vile vya kunasia kiti vilivyojengwa ndani ya gari, kwa sababu hujui utaletewa gari gani. Viti vya Ulaya vina alama za rangi mahali mkanda unapopita: buluu kwa anayetazama nyuma, nyekundu kwa anayetazama mbele. Ukimaliza kufunga, kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikicheza kushoto na kulia, hujafunga. Mvue mtoto koti zito kabla ya kumfunga, maana unakaza koti badala ya mtoto. Na kiti kinachotazama nyuma kisikae kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kiti cha mtumba nakuomba ukiache, hata kama kinang'aa, isipokuwa unamjua aliyekitumia na una hakika hakijawahi kupata ajali. Plastiki iliyopasuka kwa ndani haionekani dukani. Na kwa anayesafiri kwa ndege, mashirika mengi hubeba kiti cha mtoto bila malipo, kwa hiyo hoja ya uzito wa mizigo uliza kwanza kabla ya kuitumia.

Kuna jambo jingine, na hili haliko kwenye sheria yoyote. Kwetu mtoto hubebwa. Kumweka kwenye kiti cha plastiki akilia huku mikono yako iko wazi kunaonekana ni ukatili. Mama yangu mzazi, alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, tulikaa naye kiti cha nyuma cha teksi, mjukuu analia katikati yetu amefungwa. "Mwanangu, mtoe huyo mtoto, unamtesa." Nikamwambia, "Mama, nisamehe, tukifika tu nakupa umbebe." Akanyamaza kwa hasira mpaka nyumbani. Namwelewa kabisa. Amelea watoto na wajukuu kwa mgongo na mapaja, na hakuna aliyewahi kumweleza hesabu ile ya kilo 300. Tulipofika nilimweleza, akauliza maswali mengi, na safari iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa akimwimbia mjukuu ili asisikie adha ya mkanda. Wazee wetu hawakatai jambo wakiheshimiwa na kuelezwa.

Kuhusu bajaji sina la kusema zaidi ya kwamba haina mahali pa kufungia kiti, na mwenye uwezo wa kulipa tofauti ya nauli alipe akiwa na mtoto. Asiye na uwezo huo simhukumu. Yeye hakuchagua.

Wanaoweza kuchagua ni wenye mamlaka. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu Tanzania, ilipopanga kamisheni ya teksi mtandao isizidi asilimia 15, Uber ilisitisha huduma nchini mwezi Aprili, ikarejea mwanzoni mwa mwaka uliofuata baada ya kikomo hicho kupandishwa hadi asilimia 25. Wale walioweza kuingilia kati kwa ajili ya kipato cha dereva wanaweza kuingilia kati kwa ajili ya mtoto. Sitaki waanze na kiti kwa kila gari, najua bei zake na najua dereva analipa hesabu ya bosi kila siku. Waanze na vifungio: gari lenye kava lililofunika vifungio lisipate leseni ya kubeba abiria. Hilo linagharimu mkasi na dakika chache za fundi. Kisha kampuni za mtandao ziweke chaguo la gari lenye kiti cha mtoto, zianzie safari za Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ambako abiria wengi wana watoto na uwezo wa kulipa nyongeza. Kampuni inunue viti, si dereva. Na nyongeza hiyo iende yote kwa dereva bila kukatwa kamisheni, kwa kuwa yeye ndiye atakayekizungusha kiti kwenye buti kutwa nzima, na jioni akifute makombo ya biskuti.